Kumtembelea mgonjwa nyumbani au kumpigia simu?

Mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) akitoka wodini, tuseme hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mhudumu anayemfuatilia mtaani ana njia mbili za kujua hali yake.

Simu ni rahisi: kwa siku moja unafikia familia nyingi kuliko ukipanda daladala hadi Chanika, pembezoni mwa jiji. Inafaa kukumbusha tarehe ya kliniki na kuulizia usingizi, maana kukosa usingizi mara nyingi ni dalili ya mapema kwamba ugonjwa unarudi. Tatizo, mara nyingi simu yenyewe ni ya dada, na mgonjwa aliyekaa karibu na shemeji hatakwambia ameacha dawa. Atasema "naendelea vizuri", basi.

Nyumbani unaona mwenyewe. Omba pakiti, hesabu vidonge: aliyepewa 56, viwili kwa siku, baada ya siku 10 abaki na 36. Ukikuta 50 usimgombeze, mtazame kwanza. Mikono inatetemeka? Mate yanamtoka? Haloperidoli, mojawapo ya dawa za skizofrenia, huweza kufanya hivyo, na wengi huacha dawa kwa sababu hiyo. Mrudishe kliniki dozi ipitiwe. Shingo ikikaza na kupinda, asingoje kesho. Ila nyumba za kupanga zina macho mengi: vua kitambulisho, na saa ya kufika mpange na mgonjwa mwenyewe.

Sisi tungeanza na kumtembelea mwezi wa kwanza, simu ifuate akishatulia. Akitaja kujiua kwenye simu, usikate: ndugu abaki naye, dawa zote ziondolewe karibu yake, nawe uende siku hiyohiyo.