Kujiuliza maswali au kusoma tena?

Mabishano haya hayaishi kwa wasomaji wa Kisumu: ukimaliza kitabu cha historia au cha biashara, ujitungie maswali au urudie kurasa ulizopigia mstari?

Gharama hazipishani sana. Maswali yanataka daftari na kalamu, au Anki, programu ya kadi za maswali na majibu, ambayo ni ya bure kwenye simu za Android. Kupigia mstari kunataka kitabu kiwe chako, maana cha maktaba hakichorwi.

Kwa kukaa kichwani, maswali yanashinda, ila si papo hapo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kuandika walichokumbuka bila kutazama kifungu waliwaacha wenzao nyuma. Kwa hiyo mwenye mjadala jioni hii na arudie kusoma. Mwanafunzi wa uhasibu (CPA) mwenye mtihani mwezi ujao ajiulize.

Matunzo ndiyo yanayochosha. Swali la "kwa nini" hufaa kuliko la "mwaka gani", lakini kulitunga ni kazi, na kadi zikirundikana utaanza kuzikwepa kama mwenye deni. Kusoma tena hakudai maandalizi, hata ndani ya matatu ya kwenda Nakuru. Na kitabu chenye hoja moja ndefu, inayojengwa sura kwa sura, mimi ningekisoma tena kwanza, maswali huikatakata.