R44 ama AS350 B3, chopa gani ya kubeba mzigo Nakuru?

Kama kazi ni kuinua mzigo msidanganywe na bei. R44 ni ya pistoni, silinda 6, na ikipaa uzito wote hauzidi kilo 1,134, sasa toa rubani na mafuta uone kinachobaki. Kisumu, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, inajikaza, lakini Nakuru ni zaidi ya 1,800, hewa ni nyepesi, jua la saa nane likiwaka unaiona inatetemeka futi chache juu ya nyasi haitaki kupanda, mpaka abiria mmoja ashuke. AS350 B3 ni ya tabini, yaani injini ya aina ya jeti, inaning'iniza hadi kilo 1,400, na 2005 ilitua kilele cha Everest! Inakunywa mafuta kweli, lakini kwa mzigo mimi naichukua hiyo. R44 ibebe wageni wawili asubuhi kukiwa na baridi.