Lesi tatu kwa harusi moja: uzoefu wangu Mtwara

Novemba mwaka jana, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na mafundi cherehani wa Mtwara mjini wakikesha kwa wingi wa kazi, ndugu zangu walinikabidhi jukumu la kununua lesi za harusi ya binti wa kaka yangu, iliyofanyika Mikindani. Nilinunua aina tatu kutoka maduka mawili: lesi ya neti iliyodariziwa kwa ajili ya sare ya sisi mashangazi, lesi nene isiyo na neti, ambayo wauzaji waliiita gipyuri, kwa gauni la bibi harusi, na kitambaa cha pamba chenye viua kwa ajili ya mama yake. Nguo hizo zimekwisha kufuliwa mara kadhaa na kuvaliwa tena siku ya Idi, kwa hiyo ninaloliandika hapa si la mtu aliyetoka dukani jana.

Nianze na ile ya neti, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua zaidi na ndiyo niliyodanganywa nayo. Muuzaji aliniambia kwa uso mkavu kwamba ni lesi ya kazi ya mkono, akanitajia Sh 25,000 kwa yadi. Kama ningelijua wakati ule ninachokijua sasa, ningelicheka. Lesi ya sindano inayotengenezwa kwa mkono katika mji wa Alençon, Ufaransa, ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2010, huchukua takriban saa saba kwa kila sentimita moja ya mraba. Kipande cha sentimita kumi kwa kumi, ambacho hakifuniki hata kiganja changu, ni saa mia saba. Mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku atakimaliza karibu miezi mitatu baadaye. Fundi wa namna hiyo hana kitambaa mwanzoni: huchora ua juu ya karatasi ngumu au ngozi, hupitisha uzi juu ya mistari, kisha hujaza nafasi kwa mshono ule ule tunaouzungushia tundu la kifungo, na mwishowe hukata nyuzi zilizoshikilia kazi ile kwenye karatasi ili lesi ibaki peke yake.

Ipo pia lesi ya vijiti, ambayo watu wa Bruges na miji mingine ya Ubelgiji ni mabingwa wake, na nadhani mwanamke yeyote wa pwani ya kusini aliyewahi kusuka ukili ataielewa haraka kuliko maelezo yangu. Badala ya chane za mkindu kuna nyuzi, kila uzi umeviringishwa kwenye kijiti chake, na kazi yote hufanyika juu ya mto mgumu uliochomekwa pini. Mikono inajua mambo mawili tu, kupishanisha na kusokota, lakini vijiti vyaweza kuwa makumi au hata mamia, na pini ndizo zinazolishikilia ua mpaka nyuzi zikazane.

Lesi yangu ya Sh 25,000 haikuwa jamaa wa hizo mbili. Fundi wangu, mzee mwenye banda karibu na soko kuu, aliigeuza upande wa ndani hata kabla ya kunikaribisha kiti. «Mama, lesi huangaliwa mgongoni,» akasema. Mgongoni kulikuwa na nyuzi zilizorukaruka kutoka ua hadi ua, dalili kwamba neti ilitengenezwa na mashine moja na maua yakadariziwa na mashine nyingine. Mashine ya kwanza iliyoweza kusokota neti ya aina hiyo ilibuniwa na Mwingereza John Heathcoat, akaisajili mwaka 1808 na nyingine mwaka uliofuata. Mwaka 1816 kiwanda chake cha Loughborough kilivamiwa na watu waliokuwa wakivunja mashine, naye akahamia Tiverton. Mashine ya kudarizi yenye sindano nyingi kwa mpigo ilibuniwa Uswisi na Isaak Gröbli mwaka 1863. Kati ya hao wawili alikuwapo John Leavers wa Nottingham, aliyebuni mwaka 1813 mashine ambayo baadaye iliweza kusuka neti na ua kwa pamoja, na lesi za namna hiyo ukizigeuza mgongoni hukuti uzi unaoning'inia.

Sisemi kwamba lesi ya kudariziwa ni mbaya. Ilitukaa vizuri mwilini, na katika picha tulizopiga ufukweni ilionekana ya thamani. Ila nyuzi zile za mgongoni hunasa bangili, na baada ya miezi michache maua mawili ya mkono wa kulia yalianza kufumuka. Tena kuna suala la kipimo. Fundi alikuwa ameniagiza mita tano, nami nikarudi na yadi tano, nikidhani ni kitu kimoja. Yadi tano ni mita nne na sentimita hamsini na saba. Sentimita arobaini na tatu zilizopungua ndizo zilizokuwa ziwe mikono ya gauni langu, kwa hiyo shangazi mmoja kati ya wanne alivaa mikono mifupi, na shangazi huyo ni mimi. Muuzaji aliponiona nimerudi alisema kuwa lesi siku zote huuzwa kwa yadi, jambo ambalo ni kweli kwa maduka mengi, lakini rula iliyokuwa mezani kwake ilikuwa ya mita.

Gipyuri ndiyo ninayoisifu. Niliinunua kwa Sh 32,000 kwa yadi katika duka la pili, na nilipoifungua nyumbani nilisikitika, kwa kuwa ilikuwa ngumu kama ngonda. Fundi alinikataza kuikata. Aliilowesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaikamua taratibu na kuianika kivulini, na jioni yake ilikuwa laini inayoanguka vizuri. Sababu iko katika namna inavyotengenezwa. Maua yake hudariziwa kwa mashine juu ya kitambaa au karatasi maalumu, yakiwa yameunganishwa kwa vijinyuzi kati ya ua na ua. Kisha kitambaa au karatasi hiyo huondolewa kabisa, ikabaki kazi ya uzi mtupu. Mwishoni mwa karne ya 19 walidarizi uzi wa pamba juu ya hariri, kisha wakaiunguza hariri kwa dawa isiyodhuru pamba. Siku hizi aghalabu hutumia kitu kinachoyeyuka majini, na mabaki yake yasiposuuzwa vema kiwandani ndiyo yanayoifanya lesi mpya ikakamae.

Kwa kuwa haina neti, gipyuri hukatwa kwa kufuata ukingo wa ua bila kufumuka. Fundi hakushona mishono ya ubavuni kwa njia ya kawaida. Alikata kuzunguka maua, akalilalisha ua la upande mmoja juu ya la upande wa pili, akashikiza kwa mkono, na mpaka leo sijui mshono ulipo. Chini yake aliweka bitana ya satini ya rangi ya maziwa.

Dosari yake ni moja, nayo haikuwa ya lesi bali ya mdomo wa muuzaji, aliyeapa kuwa ni pamba tupu. Mzee alichomoa uzi mmoja akauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Uzi ule ulijikunja, ukayeyuka na kuacha chembe ngumu nyeusi, yaani poliesta. Ningepaswa kulijali zaidi jaribio hilo la mzee, kwani siku mbili kabla ya harusi kijana mmoja wa nyumbani aliipiga pasi ya mkaa ikiwa ya moto mno, na ua moja la begani likang'aa na kukauka kama plastiki. Lilikatwa, likawekwa jingine kutoka kwenye vipande vilivyobaki. Lesi ya neti isingelikubali matengenezo hayo. Tangu siku hiyo gipyuri yetu hupigwa pasi ya uvuguvugu, uso ukiwa chini juu ya taulo nene.

Kitambaa cha mama wa bibi harusi hakina mengi ya kulalamikiwa. Kwa maana kali si lesi, kwa sababu kitambaa kilikuwapo kwanza, kisha kikatobolewa na tundu kuzungushiwa uzi, kama zinavyofanywa kofia za viua ambazo wazee wetu huvaa Ijumaa. Hata hivyo dukani huitwa lesi, na si hapa tu: viwanda vya Lustenau, Austria, vimekuwa vikiwauzia Wanigeria vitambaa vya pamba vilivyodariziwa tangu miaka ya 1960, na huko navyo huitwa hivyo hivyo. Changu hakikuwa na lebo, kwa hiyo sikipi nasaba. Kwa joto la Mtwara ndicho pekee kati ya vitatu kinachovumilika mchana, na kilipita jaribio la kiberiti.

Niliongeza pia mita kadhaa za lesi nyembamba ya mapazia, ile ya kufumwa kwa mashine inayonyumbuka ukiivuta. Ni rahisi, na inafaa dirishani.

Kwa nyota tano, naipa gipyuri nne, pamba ya viua nne na nusu, na ile ya neti mbili, ambazo moja ni ya rangi yake. Lakini kilichosifiwa zaidi siku ya harusi hakikutoka katika duka lolote. Bibi mmoja wa Mikindani, anayefuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia, alitufumia upindo wa mtandio wa bibi harusi, upana wa vidole vinne. Yeye huiita kazi yake kimia, neno lile lile wavuvi wa pale walitumialo kwa wavu, na hakuona ajabu nilipomwambia kwamba watawa wa Ireland waliwafundisha wanawake ufumaji kama huo wakati wa njaa ya viazi ya miaka ya 1840, ili wapate cha kuuza. Aliniuliza tu waliuza kwa bei gani. Alitutoza Sh 40,000 kwa upindo mzima. Nimekwisha kumwagiza wa pili, uzi wa pamba nimempelekea mwenyewe, na ameomba wiki sita.