Forester SH5 na matairi ya 225/60R17: funga yote manne au usiguse kabisa

Gari ni Subaru Forester SH5 ya lita 2.0, giaboksi otomatiki ya gia nne, rimu za kiwandani za inchi 17. Stika ya mlango wa dereva inasema 225/55R17. Nimefunga 225/60R17 aina ya A/T (matairi ya lami na rafu) miguu yote minne. Kampuni ya tairi siitaji, maana ninachopima hapa ni saizi, na kwenye gari la AWD (linalosukumwa na miguu yote minne) saizi ndiyo inayoamua kama giaboksi itapona.

Hesabu yake iko hivi. 225/55R17 ina kipenyo cha milimita 679 na mzingo wa milimita 2,134. 225/60R17 ina kipenyo cha 702 na mzingo wa 2,205. Ongezeko ni asilimia 3.3. Gari linanyanyuka milimita 11 tu, yaani nusu ya tofauti ya kipenyo, kwa hiyo anayekuahidi inchi nzima kwa kubadili tairi peke yake anakuuzia maneno. Saizi hii ndiyo Subaru waliyoifunga kwenye Forester iliyofuata, SJ5, kwa hiyo si ubunifu wa gereji.

Faida inasikika kwenye rafu. Ubavu wa tairi umetoka milimita 124 hadi 135, na mashimo yaliyokuwa yakigonga hadi kwenye usukani sasa yanamezwa. Hasara ni kwamba injini ya 2.0 bila tabo inaondoka kwa uzito kidogo, na kwenye mlima kama Kitonga giaboksi inashusha gia mapema kuliko zamani. Mngurumo wa A/T kwenye lami upo, huo ni wa aina yote ya matairi hayo.

Spidomita nayo inasoma pungufu kuliko ilivyokuwa: pale ulipokuwa ukienda 50, sasa unaenda karibu 52 na mshale uko palepale. Kwa kawaida spidomita hutoka kiwandani ikizidisha kidogo, kwa hiyo hujavunja sheria bado, ila ile akiba uliyokuwa nayo mbele ya trafiki wa tochi imeliwa.

Sasa suala lenyewe. Subaru wanataka mzingo wa matairi manne usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Ukigawa kwa mara mbili ya pai unapata milimita 1 ya kina cha kashata (meno ya tairi). Milimita moja! Tairi jipya lina kashata ya milimita 8 hivi. Ukifunga mawili mapya mbele na kuacha nyuma mawili yenye milimita 4, tofauti ya mzingo ni kama milimita 25, mara nne ya kinachoruhusiwa, ingawa yote yameandikwa 225/60R17. Matairi ya kampuni mbili tofauti yenye namba ileile yanaweza kupishana mzingo hata yakiwa mapya yote.

Kwenye otomatiki ya gia nne, nguvu ya nyuma inapitia klachi ya sahani nyingi iliyo mkiani mwa giaboksi, na kompyuta ndiyo inayoibana na kuiachia. Tofauti ile ya milimita 25 maana yake miguu ya nyuma inazunguka mara tano na ushee zaidi ya ya mbele kila kilomita. Dar hadi Dodoma, kilomita 450 hivi, ni zaidi ya mizunguko 2,300 ambayo lazima itelezee kwenye klachi hiyo, na propela shafti (shafti ya kupeleka nguvu nyuma) inaizidisha mara nne na ushee. Sahani zinachemka, mafuta ya giaboksi yanaungua, klachi inaanza kung'ang'ania. Kwenye gia za mkono kazi hiyo iko kwenye difu ya kati yenye viskasi (kifaa cha sahani ndani ya mafuta mazito), nayo ikichemka sana hukaza isiachie tena.

Dalili utaipata sehemu ya kuegesha yenye sakafu kavu: kata usukani hadi mwisho, weka D, achia breki bila kukanyaga mafuta. Gari likiwa linajivuta kama limeshikwa na handibreki, au linaruka-ruka, klachi inabana. Zima gari, chomeka fyuzi ya ziada kwenye nafasi iliyoandikwa FWD chini ya boneti, inayokata nguvu ya nyuma, hadi taa ya FWD iwake kwenye dashibodi, urudie. Kuruka kukikoma, klachi bado inaweza kuachia; kukiendelea, huenda klachi imeng'ang'ania au solenoidi yake (vali ya umeme inayoiongoza) imekufa. Taa ya AT OIL TEMP ikipepesa mara tu unapowasha gari, kompyuta ya giaboksi imehifadhi kosa. Ipimwe kwa mashine kabla fundi hajafungua chochote.

Kupima matairi hakuhitaji kifaa cha ghali. Jaza upepo sawasawa kama stika inavyotaka, matairi yakiwa ya baridi. Kwenye sakafu tambarare piga alama ya chaki chini kabisa ya kila tairi, pale linapogusa sakafu. Sukuma gari moja kwa moja, usukani usiguswe, hadi tairi la mbele kushoto limalize mizunguko mitano, karibu mita 11. Alama za matairi mengine zinatakiwa ziwe chini pia. Ikiwa moja imepitiliza au imebaki nyuma kwa zaidi ya sentimita 3, umevuka ile robo inchi.

Tairi moja likipasuka na mengine yana nusu ya kashata, tafuta lililotumika la kampuni na muundo uleule, lenye kina kinachokaribiana kwa milimita 1. La sivyo nunua manne. Zungusha mbele kwa nyuma kila kilomita 8,000.

Spea nyembamba ya dharura ni ndogo kuliko zote, kwa hiyo fyuzi ya FWD iwekwe kabla ya kuondoka, mwendo usizidi 80. Pancha ikiwa mbele, hamishia mbele tairi zima la nyuma, spea ikae nyuma. Ukiiweka mbele, difu ya mbele ndiyo itakayotafunwa.

Kabla ya kulipa, kata usukani pande zote mbili na uangalie plastiki ya ndani ya matao ya mbele. Kwangu haigusi, ila shokapu zikiwa zimechoka na gari limekaa chini, inaweza kukwaruza. Na simama karibu wakati fundi anarudisha nati. Subaru ni M12 yenye uzi wa 1.25, Toyota ni M12 ya 1.5, na kwenye kopo la fundi tairi zimechanganyika. Ya Toyota inaingia mizunguko miwili kwa mkono kisha inakaza. Mashine ya upepo ikimalizia hapo, uzi wa stadi (bolti inayoshika rimu) umekwisha. Nati ianze kwa vidole hadi ikaribie rimu, kisha ikazwe kwa spana ya kipimo, Nm 100 hivi, na irudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.