Tufungue muhula kwa insha ya methali au shairi la tarbia?

Kwa kidato cha pili, insha ya methali hufundisha mpangilio: kisa lazima kioane na methali, pande zake zote mbili. Ila wengi hukariri mianzo ileile ya jua kuchomoza na ndege kuimba.

Tarbia haimwachii mwanafunzi mwanya huo. Kila ubeti mishororo (mistari) 4, na kwa kawaida kila mshororo mizani (silabi) 16: 8 ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na 8 utao, kipande cha pili; juu yake kuna vina, silabi za mwisho zinazofanana. Mwanafunzi akiandika "Mama ameenda sokoni" anahesabu kwa vidole, anapata 9. Anafuta, anaandika "Mama kaenda sokoni". Nane! Hapo ndipo anapoanza kulipima neno, na ndiyo maana mimi ningefungua muhula kwa tarbia, hata kwa wanaouogopa ushairi. Insha ifuate baadaye, wakisomeana wawili wawili kwa sauti.