Kava la chini ya injini: lipi ununue, lipi uliache dukani

Gari likikwaruza chini kila unapovuka tuta, usikimbilie kulaumu gia boksi. Mara nyingi ni kava la plastiki chini ya injini, limeachia upande mmoja. IST, Probox, Premio na Noah nyingi hushuka bandarini zikiwa nalo zima. Baada ya sevisi kadhaa linabaki na bolti mbili na kipande cha waya, kisha siku moja linaburuzwa lami nzima, au mwenye gari anachoka na kuling'oa: "Kwani lina kazi gani?"

Kazi linayo. Linazuia maji ya madimbwi na tope visirukie feni belti, alteneta na nyaya, na linasaidia hewa ipite kwenye rejeta inavyotakiwa. Lakini si ngao ya mawe. Hapo ndipo wengi wanapopoteza hela: mwenye shida ya tope ananunua chuma kizito, na mwenye shida ya mawe ananunua plastiki mpya inayopasuka mwezi huohuo. Mpangilio huu ni wa gari dogo linalopita zaidi kwenye lami, na vumbi kidogo la kuingilia nyumbani. Wa barabara mbovu nitawafikia kwenye namba tatu.

Namba moja: orijino ya mtumba

Kava lililotoka kwenye gari la aina yako, hata likiwa na mikwaruzo, linakaa vizuri kuliko kitu kipya cha kubahatisha. Mashimo yanaangukia mahali pake na nafasi ya kumwagia oili ipo. Yanapatikana Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, na popote wanapokata gari za mtumba kwa spea.

Usiende na jina la gari peke yake. Nenda na kodi (code) ya chesisi, yaani herufi na tarakimu zinazoanza namba ya chesisi. IST ya NCP60 ni ya injini ya lita 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na NCP65 ni ya 1.5 yenye 4WD. Muuzaji akikuambia "zote sawa tu", mwombe mpime kwanza. Kama kava lako la zamani bado lipo, hata vipande, libebe, maana kulinganisha shimo kwa shimo kunamaliza ubishi. Uliza pia kama la gari lako ni moja au ni vipande viwili, kulia na kushoto. Ukiuziwa kimoja utarudi.

Ukilishika mkononi, angalia mashimo ya bolti kabla ya kitu kingine. Mwili uliokwaruzwa hauna neno, shimo lililopasuka hadi ukingoni ndilo tatizo. Likunje kidogo: plastiki nzima inarudi, iliyochoka inaweka mstari mweupe au inalia. Likiwa na sehemu iliyojikunja kwa joto, hapo palikuwa karibu na bomba la moshi, na huenda halitakaa tena bapa. Bolti zake ziombwe hapohapo kabla hujalipa, ukishalipa zinakuwa bidhaa nyingine.

Namba mbili: lako mwenyewe, likishonwa

Hii ingekuwa ya kwanza kama makava mengi yasingekuwa yameshapotea barabarani. Geuza kava uone alama >PP<, yaani polipropilini. Supa gluu haishiki vizuri plastiki hiyo, na utepe wa gundi unaachia ukikutana na oili. Kinachoshika ni kushona. Toboa kwanza shimo dogo pale ufa unapoishia, ili usiendelee kutambaa. Kisha toboa mashimo pande zote mbili za ufa, pitisha waya laini, ukaze, na ncha zielekee barabarani, si kwenye belti. Fundi mwenye pasi ya kulehemu anaweza kuyeyusha ufa na kuongezea vipande vya plastiki yenye alama hiyohiyo. Kazi hiyo ifanyike nje, ule moshi si wa kuvuta.

Shimo la bolti likiwa limeliwa, kata kipande cha bati la alumini, kibane juu ya shimo kwa riveti, halafu toboa upya. Hapo utapata shimo gumu kuliko la kiwandani.

Namba tatu: ngao ya alumini au chuma

Kama kila siku unapita njia ya mawe, au gari linabeba mzigo hadi linalala, pandisha hii iwe namba moja. Ndiyo wengine huiita sampu gadi, kwa kuwa inalinda sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Sahani ya sentimita 60 kwa 80 yenye unene wa milimita 3 ikiwa ya chuma ina takriban kilo 11. Ya milimita 2 inashuka hadi kilo saba na nusu. Ya alumini ya milimita 4 ni kama kilo 5. Kwa gari dogo, chuma cha milimita 2 kilichokunjwa kingo kinatosha. Hiyo mikunjo ndiyo inayokipa ugumu. Milimita 3 waachie wenye Hilux na Land Cruiser.

Mambo matatu umkazie fundi. Ifungwe kwenye krosmemba (chuma kinene kinachokatiza chini ya gari) au chesisi, si kwenye kile chuma chembamba kinachoshika rejeta. Iwe na tundu la nati ya oili na la filta, pamoja na matundu ya kupitisha hewa na kumwaga maji. Na kati yake na sampu ibaki nafasi ya kama sentimita 2 au zaidi, kwa sababu injini hucheza juu ya maunti zake, zile raba zinazoishikilia. Ngao iliyogusana na sampu inapeleka pigo la jiwe moja kwa moja pale ulipokuwa unapalinda.

Kuchomelea kufanyike sahani ikiwa chini, mbali na gari. Fundi aking'ang'ania kuchomelea garini, chomoa betri kwanza, na ukiona paipu ya mafuta iko karibu na moto, mkatalie.

Kwa walio pwani, Dar, Tanga, Unguja au Mombasa, chumvi inakula chuma. Kipakwe redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, pande zote kabla ya rangi yenyewe, na ndani ya mikunjo pia. Alumini haishiki kutu ya namna hiyo, lakini ikigusana na bolti za chuma kwenye unyevu wa chumvi huliwa palepale penye bolti. Weka raba katikati.

Namba nne: jipya la kuiga

Linang'aa, lina harufu ya duka, na mara nyingi ni jembamba. Mengine ni mazuri. Nunua tu kama muuzaji anakubali ulijaribu chini ya gari kabla ya kulipa.

Mwisho kabisa: turubai, zulia, bati la paa

Turubai na zulia vinanyonya oili inayovuja na kukaa nayo karibu na bomba la moshi la moto. Huko ni kutafuta moto. Bati la paa linatetemeka, linakatika, na linakata na vingine.

Sasa kulifunga

Lolote utakalonunua, litaanguka kwa kufungwa vibaya kuliko kwa ubovu wake. Gari likae juu ya stendi, tairi zizuiwe, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toyota nyingi hutumia hapo bolti za M6, zile za spana namba kumi. Chini ya kila bolti weka washa pana, maana kichwa kidogo ndicho kinachopasua plastiki. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, ukianza na ukingo wa mbele, ndipo ukaze. Ukingo huo ndio unaopokea upepo na maji. Ukilegea, kava linakuwa kijiko.

Nati ikiwa imeliwa meno, tafuta klipu nati, ile ya bati inayochomekwa ukingoni. Usikubali skrubu ndefu za mbao upande wa mbele: ncha yake ikifika kwenye rejeta au kondensa ya AC, akiba ya leo imeisha. Kebo tai nyeusi zinafaa kukufikisha nyumbani, na zisikae ukingo wa mbele.

Ukimaliza, washa gari, kanyaga breki, ingiza D halafu R huku mwenzako akisikiliza kutoka pembeni. Kikigonga kitu, ongeza nafasi. Kaza tena bolti baada ya wiki moja ya matuta. Na ukipeleka gari kumwaga oili, hesabu bolti pamoja na fundi kabla hajaanza, mzihesabu tena akimaliza. Akiuliza za nini zote hizo wakati tatu zinashika, mwambie arudishe zote.