Kiangazi kizima na mipira ya dripu: uzoefu wangu Luchelele, Mwanza

Seti ya dripu, yaani mipira yenye matundu inayodondoshea mimea maji kidogokidogo, niliinunua mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yanaishia, na nikaitumia mfululizo mpaka vuli ilipoanza kudondosha mwezi wa kumi. Ninaandika kwa sababu kila anayepita uwani kwangu ananiuliza swali lilelile: "Na kwenye ukoka inafaa?" Mimi mwenyewe niliuliza hivyohivyo dukani nikajibiwa inafaa sana. Siyo kweli, na nitaeleza kwa nini. Ila kwenye matuta ya mboga, jamani, imeniokoa.

Mgeni akifika Mwanza akaliona ziwa limetanda mbele yake, anadhani bustani za huku zinajimwagilia zenyewe. Kuanzia Juni mvua inakata. Julai inaweza kupita yote vumbi tupu. Asubuhi unatoka na sweta, lakini ikifika saa tano jua limeshawaka na upepo umeanza kupanda kutoka ziwani, na huo upepo unakausha kuliko hata jua. Halafu udongo wangu ni ule ambao Wasukuma wanauita luseni, mchanga uliotokana na haya majabali yetu. Unamwaga ndoo nzima, unasikia chwaa, baada ya dakika kumi pakavu kama hujafanya kitu.

Bomba letu hutoa maji kwa zamu, kwa hiyo tunakinga kwenye mapipa. Kuwatuma watoto ziwani na ndoo siwezi, maana kusimama kwenye yale maji ya kina kifupi ni kutafuta kichocho. Kushusha bustani kule ufukweni nako hakuna, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezilinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mimi naona ni haki. Kwa hiyo lita ninazokinga ndizo hizohizo za kupikia, kufulia na bustani.

Seti yenyewe ilikuwa mipira minne ya milimita 16, kila mmoja mita 10, matundu yakiachana sentimita 30, pamoja na mpira mkubwa wa kugawia, viungio na koki. Shilingi 85,000 bila pipa. Fundi aliyekuja kufunga alikuwa kijana mwenye adabu sana. "Shikamoo mama. Hii ukishafungua koki, wewe nenda zako sokoni." Alilitega pipa juu ya matofali mawili. Tukafungua, mwanzo wa tuta pakalowa, mwisho wa tuta hakukutoka hata jasho. Nikamwambia, mwanangu, tulipandishe. Tulipofika karibu mita moja kutoka chini, matundu yote yakaanza kudondosha. Hapa hakuna pampu, kinachosukuma maji ni ule urefu wa pipa tu, kwa hiyo usikubali fundi aharakishe sehemu hii. Na matuta yawe yamesawazishwa, maana kwangu tuta moja lina mteremko na mpaka leo upande wa juu unanyimwa.

Mita 40 za mpira zina matundu kama 130. Pipa la lita 200 linakwisha kwa saa moja na nusu hivi, maana yake kila tundu limetoa takribani lita moja na nusu, pale pale kwenye shina. Zamani nilikuwa nabeba ndoo zisizopungua kumi na sita kila jioni, zaidi ya lita 300, na nusu yake ilikuwa inanywesha njia na magugu. Sasa nafungua koki saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Chainizi na mchicha vimekatwa kiangazi chote. Hoho zimezaa hadi nikagawia majirani. Nyanya nazo zilipona baka jani, kwa sababu majani hayaloweshwi, na mwaka wa nyuma yake huo ugonjwa ulizimaliza.

Lakini ukavu wa majani una gharama yake. Mwezi wa saba biringanya zilianza kupauka, majani yana vidoa vidogo vya njano kama yamenyunyiziwa unga. Nikaligeuza jani moja nikalisogeza kwenye mwanga: chini yake kuna utando mwembamba kuliko wa buibui, na ndani yake vidudu vyekundu vinatembea, vidogo kama ncha ya sindano. Utitiri. Unapenda joto, ukavu na vumbi, na sisi barabara yetu ni vumbi. Tangu hapo mara moja kwa wiki, asubuhi, naosha majani kwa maji, hasa upande wa chini, na ule mlipuko ulitulia bila dawa. Kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, ni habari nyingine, dripu haiwezi kukusaidia hapo, utaokota matunda yaliyotobolewa na kuyafukia kama kila mtu.

Matandazo ni lazima, bila hayo maji ya dripu yanakaushwa na jua palepale. Nilichukua magunia mawili ya pumba za mpunga kwenye mashine ya kukoboa, nikatandaza vizuri, jioni nikakuta upepo umezipeleka zote ukutani. Kumbe inabidi juu yake uweke nyasi kavu za kuzikandamiza. Nilipofanya hivyo, ukipenyeza kidole chini saa nane mchana udongo ni wa baridi, una unyevu.

Kosa kubwa la aliyeniuzia ni kutoniambia habari ya filta, chujio la maji kabla hayajaingia kwenye mipira. Kwenye seti haikuwemo, wala hakunitajia kwamba inahitajika. Mwezi wa nane bomba lilikaa siku nyingi bila kutoa, nikamwomba kijana wa guta aniletee madumu kumi ya maji ya ziwa. Yalionekana safi tu kwenye dumu. Siku ya nne nikaona mchicha wa tuta la pili umelala. Nikafungua kizibo cha mwisho wa mpira, nikaachia koki, ukatoka ute wa kijani, mzito, unanuka kama samaki aliyesahaulika. Ni ule ukijani unaouona ziwani maji yakitulia, umeingia kwenye matundu na kukaa. Niliikung'uta mipira yote, nikapitisha maji yenye jiki kidogo, nikayaacha saa chache, nikayasukuma yatoke nje ya matuta, nikasuuza. Matundu kumi na moja hayakurudi tena. Filta nimenunua shilingi 12,000. Kitu cha shilingi 12,000! Kingekuwa ndani ya seti tangu siku ya kwanza. Pipa nalo nimelifunika lisipigwe jua, kwa sababu mwanga huotesha ukijani hata kwenye maji ya bomba.

Sasa ukoka. Niliambiwa ninunue mipira mingine mitatu nilaze juu ya majani, mmoja hapa, mwingine hatua moja mbele. Wiki tatu baadaye uwanja ulikuwa na mistari: kijani pembeni ya mpira, kahawia katikati. Kwenye mchanga kama wetu maji ya tone yanazama wima, hayasambai pembeni. Kuusogeza mpira kila siku ni kazi, na kufyeka ukoka wenye mipira ndani yake ni kuikata tu. Niliikata miwili.

Mzee jirani yangu, ambaye ameishi hapa toka nyumba zinahesabika, alisimama kwenye ua akanisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kisha akasema, "Hayo majani hayajafa. Yamelala." Nilikuwa sijui kama nimwamini. Akachimba kwa kisu kidogo, akanionyesha mzizi mnene mweupe chini ya majani makavu, ukiuvunja una maji. Nikaacha. Nilifyeka mara chache, na nilipofyeka niliacha urefu wa vidole vitatu, yaliyokatwa nikayaacha palepale yafunike. Nikiwa na maji ya ziada, mara moja kwa wiki nililowesha kwa mpira wa kawaida mpaka yazame, badala ya kunyunyiza kidogokidogo kila siku. Mbolea sikuweka hata punje. Mvua tatu za Oktoba, uwanja wote ukarudi kijani. Majani ya Pemba yaliyo chini ya mwembe ndiyo hayakuvumilia, yale yanataka maji kweli, nimeyapoteza karibu nusu.

Kwa hiyo kama una mboga, miche ya miembe au waridi, nunua, nami nitanunua tena kwa ajili ya matuta ya nyuma. Omba filta, omba vizibo vinavyofunguka mwishoni mwa kila mpira, na pipa liende juu. Kwa ukoka, weka hela yako mfukoni. Koki ya plastiki niliyopewa imeanza kuvuja shingoni wiki iliyopita, nimeifunga kwa utepe wa mafundi bomba huku natafuta ya shaba.